Pua ya Tomizuddin na Kuku wa Shefali

Mto wetu umepungua mno tangu siku mimi na Tomizuddin Bepari tulipokuwa tukiuvuka kwa kushikilia mikia ya nyati wa kufugwa. Siku hizi, kiangazi, ng'ombe huuvuka kwa miguu, na pale palipokuwa na kina cha kuzamisha mashua pamelimwa mahindi. Utotoni mwetu mahindi hayo hayakuwapo. Yalikuja tukiwa tumeshapata wajukuu, yakaja pamoja na kuku wa mayai, na leo hapa kijijini kwetu Char Nolbunia ni nadra kupita nyuma ya nyumba usikute banda la mianzi limesimamishwa juu ya bwawa. Miaka hiyo yote mimi nilizeeka nikifundisha watoto sarufi ya Kiarabu na masuala ya fiqhi. Tomizuddin alizeeka akinusa mahindi.

Alikuwa na mtambo wa kusaga kando ya barabara, na karibu wafugaji wote wa kijiji walimtegemea awachanganyie chakula cha kuku: mahindi, pumba za mpunga, mashudu ya soya, dagaa na makombe yaliyopondwa. Kila mwezi wa Boishakh, unaofungua mwaka wetu wa Kibengali, mavuno yanapoletwa, mkulima alifungua gunia, naye Tomizuddin akakunja mkono wa kanzu yake, akauzamisha hadi kwenye kiwiko, akachota konzi kutoka chini kabisa, akaileta puani na kufumba macho. Kisha alitamka neno moja tu, "Safi," au "Rudisha." Baada yake hakuna aliyenusa tena. Kunusa baada ya Tomizuddin kulikuwa sawa na kumwita mwongo mbele ya watu, na katika miaka ishirini sikuona mtu aliyethubutu.

Basi ikaja ile homa ya mapafu iliyoifunga dunia. Tomizuddin alilala wiki tatu, akaamka amekonda, na sote tukamshukuru Mola. Kitu tusichokijua ni kwamba homa ilipoondoka iliondoka na pua yake. Hakusikia harufu ya samaki wa kukaushwa, wala ya moshi, wala ya maziwa yaliyochacha. Mkewe Golenur peke yake ndiye aliyejua, naye alikatazwa kusema.

Mimi nilipata dalili moja, nikaipuuza. Siku ya Idi ya mwaka uliofuata alikaa kando yangu katika safu, ndevu zake zikiwa zimepakwa mafuta ya haradali ya kukaangia. Golenur alikuwa amekitumia kichupa kitupu cha atari kuhifadhia mafuta hayo, naye mzee akajipaka akidhani ni manukato, akaja msikitini ameinua kidevu. Niliisikia harufu ile kuanzia takbira ya kwanza mpaka mwisho wa hotuba. Nikanyamaza.

Misimu miwili ilipita salama, kwa kuwa jua lilikuwa kali na mahindi yalikauka vizuri. Alihukumu kwa jicho, na kwa kusikiliza punje inavyolia chini ya jino. Katika kipindi hicho akaja mchuuzi wa dawa za mifugo na mifuko ya unga wa kijivu, akaeleza kuwa ni udongo maalumu uliochanganywa na maganda ya hamira, na kwamba ukitiwa katika chakula hushika sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, tumboni mwa kuku ikatoka na kinyesi bila kufika kwenye ini.

"Unga wako una miaka mingapi?" Tomizuddin alimwuliza mbele ya kibanda cha chai cha Hatem.

"Kama kumi hivi, mzee."

"Pua yangu ina sabini kasoro mbili. Peleka udongo wako kwa wafinyanzi."

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mchuuzi naye alicheka, akafunga mzigo wake akaenda. Leo nikikumbuka kicheko kile hunijia uso wa Tomizuddin: yeye peke yake hakuwa anacheka. Kuukubali ule unga kungekuwa kukiri kwamba pua haitoshi, na mtu aliyekwishapoteza kitu kwa siri hutetea hata kivuli chake.

Mwaka wa tatu dhoruba za Boishakh zikaja mapema. Mahindi yalikuwa yameanikwa barabarani kwa urefu wa nusu maili, kama ilivyo desturi, na mvua ilipopiga wakulima wakayafunika kwa mashuka ya plastiki. Yakakaa humo siku tatu, mabichi, yakijipika yenyewe kwa joto. Jua liliporudi waliyatandaza tena, yakakauka, yakang'aa manjano kama siku ya kwanza. Yakaletwa mtamboni. Tomizuddin akakunja mkono wa kanzu, akazamisha kiwiko, akachota, akafumba macho.

"Safi," akasema.

Magunia arobaini yakamwagwa kuwa lundo moja.

Wa kwanza kuchukua chakula kilichotoka katika lundo lile alikuwa Shefali, mjane wa Kofiluddin, mdogo wake Tomizuddin. Wafugaji wengine bado walikuwa na akiba ya mahindi ya mwaka uliopita. Yeye alikuwa amemaliza. Alikuwa na kuku mia sita, na mayai yao ndiyo yaliyompa mchele, ndiyo yaliyomwozesha binti yake Tuli, ndiyo yaliyomwezesha kukaa nyumbani kwa marehemu mumewe bila kumnyooshea mtu mkono. Wiki ya pili kuku wakaanza kuacha chakula. Mayai yakapungua nusu, na yaliyopatikana yalikuwa na ganda jembamba la kuvunjika kiganjani. Kisha wakaanza kufa, wawili asubuhi, watano jioni, wamejikunja pembeni kana kwamba wana baridi.

Nilikuwa pale kibandani Hatem alipoanza uchokozi wake.

"Bepari, kuku wa shemeji yako wamegoma nini? Wanadai nyongeza ya mshahara?"

"Kuku wanataka mkono msafi, Hatem," Tomizuddin akajibu, macho yake ndani ya kikombe. "Banda lile halifagiliwi ipasavyo."

"Loo! Marehemu angesikia!"

Wakacheka. Neno hilo lilimfikia Shefali kabla ya adhana ya magharibi. Asubuhi yake wapita njia walimwona amepiga magoti bandani, anasugua mianzi kwa chokaa, na ushungi wake umelowa. Hakumwendea Tomizuddin kulalamika. Kwetu mke wa mdogo hamtaji kaka mkubwa wa mumewe kwa jina, hamtazami usoni, na akilazimika kusema naye husema akiwa nyuma ya pazia la mlango. Miaka ishirini na sita alikuwa ameishika adabu hiyo.

Hatimaye akamwita daktari wa mifugo, Bibi Lutfunnahar, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuamuru. Daktari alimpasua kuku aliyekufa chini ya mfenesi, watu wamemzunguka. Ini lilikuwa la njano, laini, likimeguka kati ya vidole kama kiini cha yai la kuchemsha.

"Sumukuvu hii," akasema. "Mahindi mliyowalisha yaliota ukungu mahali fulani."

"Haiwezekani, daktari," Hatem akadakia. "Yalinuswa yale."

"Yalinuswa na nani?"

Akaonyeshwa Tomizuddin. Daktari akatabasamu kwa heshima. "Mjomba, pua ni mlinzi mzuri, lakini sumu yenyewe haina harufu. Ukungu ndio unaonuka, na wakati mwingine ukungu hufa sumu ikabaki. Usijilaumu. Hata mbwa wa polisi asingeijua."

Kisha akatoa maagizo mawili. Mahindi yoyote yaliyooza yatupwe. Yale mazuri yachanganywe na unga wa kufunga sumu, gramu mia moja kwa kila gunia la kilo hamsini, maana katika nchi yenye unyevu kama yetu hata mahindi mazuri hayakosi sumu kidogo. Akapanda pikipiki akaenda, bila kuliona lundo.

Tomizuddin alisikia agizo moja tu. Kwa siku kadhaa alitembea kijijini akirudia, "Mmemsikia daktari? Hakuna pua ambayo ingejua." Maneno hayo yalikuwa kweli kwa mahindi mengi, lakini kwa lundo lile yalikuwa uongo, na yeye alijua kwamba hakuwa amelinusa kweli. Alinunua ule ule unga aliowahi kuufukuza, akaumwaga juu ya lundo mara mbili ya kipimo, akaligeuza kwa koleo mpaka jasho likamtoka. Alidhani unga huosha.

"Mume wangu," Golenur alimwambia, "hilo lundo linanuka. Mimi nalisikia mpaka huku jikoni."

"Limeshatiwa dawa."

"Dawa gani inayonuka viatu vilivyooza?"

"Wewe mwanamke, pika wali wako."

Shefali akapelekewa magunia mengine sita kutoka humo humo, na salamu kwamba sasa yamesafishwa. Baada ya siku tisa alikuwa amezika kuku mia mbili na arobaini.

Daktari aliporudi hakuja bandani. Alikwenda moja kwa moja mtamboni, nasi tukamfuata. Kabla hajafika mlangoni aliziba pua kwa ncha ya sari yake.

"Nani amechanganya unga na uozo huu?" Akasogea hadi kwenye lundo. "Unga huu si sabuni! Kazi yake ni kushika sumu kidogo iliyojificha katika mahindi mazuri. Mkiupa lundo zima lililooza utashika nini? Mnapoteza dawa na mnaua kuku." Akachota konzi, akaitupa chini. "Na hebu niambieni, nani hapa hasikii harufu hii?"

Tulikuwa watu kama ishirini. Nami nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenye lundo, na harufu ilikuwa kama ya mkeka uliosahauliwa majini. Kila mmoja aliisikia. Kila mmoja akamtazama Tomizuddin, kisha akatazama ardhi.

Ndipo sauti ikatoka nyuma yetu.

"Ni mimi, daktari."

Alikuwa Shefali, amejifunika ushungi mpaka kwenye midomo.

"Ni wewe vipi?"

"Magunia yangu niliyaacha nje, yakanyeshewa. Nikaona haya kusema. Nikayarudisha huku, yakamwagwa pamoja na haya. Bwana kaka hana kosa. Alipoyanusa yeye yalikuwa mazima."

Daktari akamgeukia. Alimkemea kama mwanafunzi mvivu anavyokemewa, akamwambia kwamba uzembe wake ungeweza kuwaua kuku wa kijiji kizima na kutia sumu katika mayai ya watoto wa watu. Shefali alisimama akipokea. Hatem akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Si Bepari alisema? Mkono." Mtu mmoja akacheka.

Tomizuddin alikuwa akiangalia vidole vya miguu yake. Nilimngoja aseme neno. Hakusema, na mimi nami sikusema, ingawa nilijua kwamba mwanamke yule alikuwa amesema uongo kwa ajili ya heshima ya mtu ambaye hajawahi kumtazama usoni.

Siku ile ile, baada ya sala ya alasiri, alikuja barazani kwangu. Alikaa muda mrefu akikunja na kukunjua upindo wa msuli wake.

"Maalim," akasema, "mimi sina pua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa."

Nikamweleza habari ya mafuta ya haradali. Alinitazama kama niliyempiga kofi. "Uliyasikia?"

"Niliyasikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuonea haya."

Akatikisa kichwa. "Wote mmenionea haya, Maalim. Mke wangu kanionea haya, wewe umenionea haya, na yule mjane wa watu leo kanionea haya mpaka kajivika uchafu wangu mbele ya halaiki. Na mimi nikamwacha auvae. Kofiluddin alipokuwa anakata roho alinishika mkono huu, akasema, kaka, mwangalie. Huu huu ninaouzamisha katika magunia."

Akalia. Nilikuwa nikimjua kwa zaidi ya miaka sitini, na sikuwahi kumwona akilia, hata siku tulipomzika mama yake. Katika vitabu nilivyovisoma maishani, wanazuoni wameandika sana juu ya haya, kwamba ni pambo la muumini. Nami nimeyafundisha hayo kwa vizazi vitatu. Jioni ile nilielewa kwamba iko haya nyingine, inayofanana nayo kwa sura, ambayo humfunga mtu mdomo pale hasa anapotakiwa kusema. Hiyo tulikuwa nayo sote wawili.

"Nikitubu kwa Mungu usiku huu," akauliza, "haitoshi?"

"Haki ya Mungu, Mungu atakusamehe akipenda. Haki ya mja iko kwa mja. Nenda kwake kwanza, kisha nenda kwa watu."

"Watanicheka."

"Watakucheka."

Asubuhi aliniomba nimsindikize. Tulisimama uani kwa Shefali, karibu na udongo mpya mahali alipozikia kuku wake. Pazia la mlango likatikisika, tukajua yupo.

"Mama Tuli," akaanza, akaanza tena. "Mama Tuli, pua yangu ilikufa miaka mitatu iliyopita. Niliyanusa mahindi yale sikusikia kitu. Nikasema safi. Kuku wako nimewaua mimi, kisha nikasema una mkono mchafu. Na jana nikakuacha."

Kuku mmoja alikuwa akikwaruza mianzi ya banda.

"Mimi niliisikia, bwana kaka," Shefali akasema.

"Ulisikia nini?"

"Ile harufu. Siku ya kwanza kabisa nilipofungua gunia."

"Mbona uliwalisha?"

"Wewe ulikuwa umeshanusa. Nikasema, labda pua yangu ndiyo yenye kasoro."

Tomizuddin alishika nguzo ya baraza. Nadhani kati ya maneno yote aliyoambiwa mwaka ule, ya kicheko na ya hasira, hayo ndiyo yaliyomwingia mpaka kwenye mfupa.

"Nisamehe," akasema.

"Kuku mia mbili na arobaini nimewafukia kwa jembe la mdogo wako." Sauti yake haikupanda. "Nitakusamehe, bwana kaka. Ila uwaambie. Nimechoka kuitwa mchafu."

Aliwaambia siku hiyo hiyo, mtamboni, saa ya watu kuja kuchukua chakula. Hakupamba. Alisema kwamba hana pua, kwamba aliwadanganya kwa misimu mitatu, na kwamba Shefali hakurudisha gunia lolote. Kwanza watu walidhani anafanya mzaha. Hatem akamsogezea kitunguu kilichopasuliwa chini ya pua ili amjaribu. Tomizuddin akakinusa bila kukunja uso, machozi yakimtoka si kwa kitunguu tu, mpaka Hatem mwenyewe akakitupa na kwenda kusimama mbali.

Akatokea mtu wa ng'ambo mwenye mabwawa ya samaki. "Bepari, usihangaike. Lundo hilo nipe mimi. Samaki hawana pua."

"Hata mimi sina," Tomizuddin akajibu, "na umeona nilichokifanya."

Alichimba shimo nyuma ya mtambo, mzee wa miaka sabini, akalifukia lundo lote pamoja na chokaa, mchana kweupe, barabara nzima ikitazama. Nilishika koleo kumsaidia kadiri mgongo ulivyoniruhusu. Golenur alituletea maji. Kisha Tomizuddin akatoa katika banda lake mwenyewe kuku wachanga mia tatu, waliokuwa wamekaribia kutaga, akawapeleka kwa Shefali ndani ya matenga kwa mikono yake.

Si kila kitu kilirudi. Wafugaji kumi na mmoja walimhama, wanasaga mjini hadi leo, na siwalaumu. Watoto humwita Tomiz Bila Pua, naye huitika, "Naam." Mahindi yakiletwa, hunuswa na kila anayetaka, na neno la mwisho ni la Shefali, ambaye hukaa kwenye kigoda ndani ya mlango wa mtambo na kusema bila woga, "Rudisha." Yanayopita ndiyo yanayotiwa unga wa kijivu, kipimo cha daktari, hakizidi wala hakipungui, na anayeupima ni Tomizuddin.

Juzi nilimkuta peke yake mbele ya gunia jipya. Alikunja mkono wa kanzu, akazamisha kiwiko, akachota konzi, akaianza safari ya kuileta puani. Katikati ya njia akakumbuka. Akaushusha mkono taratibu, punje zikarudi guniani, akageuka akaniona, na uso wake ukawa mwekundu kama wa kijana aliyefumaniwa.

"Mazoea, Maalim," akasema, akamwita Shefali.

Ewe Mola, Mwenye kusitiri, msitiri Tomizuddin bin Rajab Ali kwa sitara isiyomgharimu mtu mwingine, na umpokee siku ya kurudi kwako kama ulivyompokea alipokiri. Mlipe Shefali kwa kila kuku aliyemfukia kwa jembe la mumewe, na kwa kila neno alilolibeba lisilokuwa lake. Mrehemu Kofiluddin kaburini mwake, umwambie kwamba wasia wake umefika, ingawa kwa kuchelewa. Mpe Golenur afya, umbariki Tuli na kizazi chake, uweke mkono wako juu ya mabanda yao na juu ya chungu chao. Na sisi tuliosikia tukanyamaza, tusamehe pamoja nao.